Mume wangu kang'ang'ania kiwanja cha bondeni, sasa anataka tuuze changu ajenge ukuta

Shikamoo shangazi, pole na majukumu. Naomba unifichie jina maana ndugu zake wanakusoma sana na sitaki ugomvi mwingine juu ya huu nilionao.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, nashona nguo, kafremu kangu kapo hukuhuku Dar. Mume wangu ana 41, anaendesha roli la mizigo Dar Tunduma, anaweza kukaa njiani siku kumi akarudi akakaa nyumbani tatu. Ndoa ina miaka tisa. Sio mlevi, hanipigi, watoto anawapenda, tatizo lake ni moja tu shangazi, akishasema kitu kimesemwa. Akisema njia ni hii hata kama mbele kuna ukuta tutaenda mpaka tuuguse, alafu atasema ukuta ndo umekosea.

Sasa 2021 alirudi safari akanambia kapata kiwanja upande wa Kinyerezi, mita 20 kwa 25, milioni nne na nusu. Nikashtuka, maana kule kwa bei hiyo hupati hata nusu yake. Tukaenda kuona. Kufika kumbe ni bondeni kabisa, hatua chache chini kuna mto, ule unaoenda kukutana na Msimbazi, na unapinda palepale kama kiwiko. Kilikuwa kiangazi hata maji hayakuwepo yani mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira mlemle ndani. Dalali anasema mama huu sio mto, huu mfereji tu. Kuna mzee jirani alikuwa anakata majani ya mbuzi akacheka, akasema huo mfereji huwa unakuja mpaka hapa kwenye mwembe kutusalimia. Nilimwambia mume wangu umemsikia mzee? Akasema huyo anakitaka yeye. Nilimwambia twende kwanza serikali ya mtaa, twende na watu wa ardhi, akasema ukianza kuulizauliza bei inapanda. Wiki ileile akalipa.

2022 akachimba msingi. Nilimwambia subiri masika ipite tuone maji yanaishia wapi, hakutaka, eti tofali zikikaa chini zinaibiwa. Msingi ukapanda kozi tano, jamvi likamwagwa, na kwa kweli ulikuwa msingi mzuri sana sitaki kusema uongo. Shimo la choo likachimbwa upande wa mto kwasababu ndo palikuwa na nafasi. Hapo napo nilimwambia choo kikae juu. Zikaja zile mvua za Elinino, mwishoni mwa 2023 mpaka 2024 ile, asubuhi moja jirani akanipigia mama njoo uone. Shangazi, shimo la choo halipo. Sio limejaa, halipo, ukingo wote umeshuka na mto, ukisimama kwenye kona ya jamvi unaangalia chini maji rangi ya chai ya maziwa, kipande cha zege kinaning'inia na nondo zimetokeza kama miiba ya samaki. Nyumba ya yule mzee tope lilikuwa limeacha mstari ukutani, chini kidogo ya dirisha.

Mume wangu aliporudi tukaenda saiti, mimi na yeye na mdogo wangu, mafundi wawili wapo. Nikasimama pale kwenye kona nikasema kwa sauti, haya baba, mfereji huo, nilikwambia sikukwambia? Mafundi wakacheka na mimi nikacheka, shangazi nilikuwa na hasira za miaka. Yeye hakunijibu. Akamgeukia fundi akasema leta simenti mifuko kumi, tunaongeza kozi tatu. Toka siku ile hakuna kupumua, kila safari akilipwa hela inaenda kule, kifusi, mawe, viroba vya mchanga, mpaka sa hivi ukijumlisha na hela ya kiwanja ni kama milioni 17.

Kaka zake wanajua, mama mkwe anajua, wifi ndo kabisa akaandika kwenye grupu la familia "mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi" na kaemoji ka mawimbi. Mume wangu akatoka kwenye grupu.

Kilichofanya nikuandikie ni hiki. Mimi nina kiwanja changu Mlandizi, nilinunua kwa hela ya kikoba, jina langu, pazuri, tambarare, juu, hakuna maji. Mwezi uliopita kasema tukiuze, hela ijenge ukuta wa mawe kule mtoni, ukuta ukiisha nyumba inasimama. Nilimwambia kiwanja changu hakiuzwi hata nife. Akasema basi hunitakii mafanikio. Nilimwambia mafanikio gani ya kuwajengea kambale nyumba. Kuanzia hapo hatuongei, tunasalimiana kama wapangaji, chakula anakula, hela ya matumizi anaacha juu ya friji anaondoka. Juzi nilimwambia kama ni hivyo achague, mto au mimi. Akasema atafikiria. Shangazi, ATAFIKIRIA!

Mimi kwenye hili sirudi nyuma, niko tayari kuchukua watoto niende kwa mama yangu Korogwe. Nifanyeje huyu mtu anisikie?

Mama wawili, Dar

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kweli. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, nikawa nahesabu. Neno "nilimwambia" lipo mara saba. "Nilimuuliza" halipo hata moja, na ile ya umemsikia mzee usinihesabie, ile haikuwa swali ilikuwa kofi. Usinune kwanza, nitarudi hapo.

Kuhusu mto wewe una haki yote na sitaki kuzunguka. Sheria ya mazingira ya 2004 haitaki ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kiwanja chenu kina urefu wa mita 25 na kinaanzia hatua chache kutoka majini, kwahiyo hata ile kona ya juu kabisa, ya mbali, bado iko ndani ya hizo 60, yani hakuna mahali pa kusimika hata chumba kimoja. Alafu wewe mwenyewe umesema mto unapinda palepale. Mto ukipinda maji yanakimbilia upande wa nje, huko ndo yanakata, upande wa ndani yanaacha mchanga, na kwa shimo la choo lilivyoondoka lote kwa usiku mmoja sina haja ya kukuuliza nyie mko upande gani. Na mto wenyewe sio ule wa zamani. Huko juu unakotoka, vilima vya Pugu na Kisarawe na njia nzima mpaka kwenu, palikuwa na vichaka vinakunywa mvua, leo kuna mabati na lami, mvua ikipiga saa moja maji yote yanashuka kwa pamoja. Ongeza na wachimba mchanga wanaoshusha kina kila siku. Wa Jangwani waliofurikiwa Desemba 2011 wengine wakapelekwa Mabwepande wanaujua huo Msimbazi, na wale waliopigiwa X nyekundu mwishoni mwa 2015 nyumba zikabomolewa wanaujua kwa namna nyingine. Kwahiyo ukuta wa mawe ni hela ya kumwaga, na cha Mlandizi usiuze.

Ila wewe hukuniuliza kuhusu mto, umeniuliza huyu mtu atakusikiaje.

Turudi siku ile pale kwenye kona. Mpaka asubuhi ile mumeo alikuwa mtu aliyepoteza hela, na mwanaume aliyepoteza hela anaweza kurudi nyuma, anauma meno anasema basi. Wewe ukasimama mbele ya mdogo wako na mafundi anaowalipa yeye ukacheka. Mwanangu, ile mifuko kumi ya simenti haikuwa ya kuzuia mto, mto alishauona kwa macho yake, dereva wa roli sio kipofu. Ilikuwa ya kuzuia kile kicheko. Na kila kiroba cha mchanga kilichofuata ni hivyohivyo, maana akiacha leo ni kwamba mke wake, fundi na wifi mwenye kaemoji ka mawimbi wote walikuwa sahihi na yeye peke yake ndo mjinga wa ukoo. Nani anaacha kwa bei hiyo?

Nakwambia hivi kwasababu mimi mwenyewe ni mkaidi, nimezaliwa hivyo. Mkwe wangu, mke wa kijana wangu mkubwa, aliniambia mama achana na hili jiko la mchina tumia gesi. Akasema mbele ya wageni, kwa heshima zote, lakini kuna mgeni akacheka. Basi, mimi na mafuta ya taa tukafunga ndoa. Wiki ya pili tu nilikuwa nimeshajua yuko sahihi, tambi zinatoa moshi, sufuria nyeusi, wali unanuka taa, vidole vyangu vinanuka taa mpaka msikitini. Nikakaa miaka mitatu! Nabadilisha tambi, nasifia jiko, nawaambia watu gesi inalipuka. Na kila aliyekuja kunishauri aliniongezea mwaka. Kilichonitoa ni kwamba siku moja yule binti alikuja na mtungi wa kilo 6 na kichomeo chake akasema mama nyumbani kwetu pamejaa, naomba nikuwekee huu hapa jikoni kwako kwa muda. Hakusema kingine, akanywa chai akaondoka. Jioni nikachemshia uji tu, kujaribu. Mpaka leo hajaja kuuchukua na mimi sijamuuliza.

Umenielewa ninapotaka kwenda? Mumeo anatafuta mlango wa kutokea na nyinyi wote mmesimama mlangoni mnamcheka.

Na wewe pia. Soma haya maneno kama kaandika mtu mwingine: hakiuzwi hata nife, achague mto au mimi, mimi kwenye hili sirudi nyuma. Ungeniambia hayo kayasema mumeo ningeamini mara moja. Hiyo nyumba ina wakaidi wawili, mmoja ndo ana leseni ya roli. Najua utasema lakini shangazi mimi niko sahihi, ndio, uko sahihi na umeng'ang'ana, vyote viwili vinakaa kwenye mtu mmoja bila kugombana. Hukumfikia kwa yale "nilimwambia" mawili ya mwanzo, ukaongeza la tatu kwa sauti, likashindwa, ukaongeza la nne. Yeye anaongeza kozi wewe unaongeza sauti.

Sasa fanya hivi. Akirudi safari hii usimguse siku ya kwanza, mtu katoka kupanda Kitonga na mzigo mwache aoge, ale, alale. Siku ya pili watoto wakienda shule mwambie maneno machache, kwamba siku ile kwenye kona nilikucheka mbele ya mafundi, nimekosa, nisamehe. Ishia hapo. Usiseme "lakini". Huombi msamaha kwa kumuonya, kumuonya ulifanya vizuri, unaomba kwa kicheko tu, na ukiweka lakini tu umesharudi kwenye ile kona. Na lile la mto au mimi lifute, mwambie lilitoka kwa hasira. Anaweza asijibu kitu, anaweza akasema sawa akatoka nje kuangalia tairi. Muache aangalie tairi.

Ikipita siku moja mbili muulize kitu ambacho yeye anakijua na wewe hukijui. Barabara ya Tunduma ile anaijua kuliko wewe unavyoijua cherehani yako, kashaona makalavati yamekatika, kashalala foleni sababu ya maji. Muulize, hivi baba fulani, maji yakila barabara yanaanzaga wapi, juu au chini? Muulize kwa kutaka kujua kweli. Atakueleza, na ataeleza vizuri, kwamba lami juu unaiona nzima kabisa kumbe chini pameshakuwa shimo, ukipitisha tani zako unazama nayo. Ukishajibiwa sema kumbe, nyamaza, endelea kukunja nguo. Usimalizie wewe! Najua ulimi utakuwasha umalizie na ukuta wa mawe. Mwache alale na jibu lake mwenyewe, ni dereva, usiku ana muda mwingi wa kufikiri kuliko sisi.

Alafu tafuteni kamba ya kupimia, ile ndefu ya mita 50, sio futi ya fundi. Nendeni nyie wawili tu, Jumapili asubuhi, bila mdogo wako bila fundi. Mwambie ashike yeye upande wa nyumba wewe shuka mtoni, vaa viatu vya kushika, huo ukingo mbovu usisimame mwisho kabisa. Namba itakayosomeka asome yeye kwa sauti. Mkitaka na neno la serikali, Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ndo wenye mito yetu ya Dar, na manispaa kuna wahandisi, akaulize yeye mwenyewe kibali cha huo ukuta. Jibu likitoka kwenye karatasi ya ofisi atakuwa amekatazwa na ofisi, sio na mke wake, na hiyo kwa mwanaume wa namna hii ni tofauti kubwa mno.

Na Mlandizi hiyo ndo mtungi wako wa gesi. Wewe mwenyewe umeandika msingi wake ulikuwa mzuri sana, je ulishawahi kumwambia yeye? Naona umeniambia mimi. Mwambie, alafu mwambie mi pale Mlandizi mambo ya kozi na jamvi siyajui, naogopa mafundi watanila hela, nahitaji mtu wa kusimama pale. Nondo za bondeni zinazotoka, mawe, tofali ambazo hazijajengewa, yeye ndo achague zipi zinahama na kirikuu kipi kinabeba. Akihamisha tofali zake mwenyewe kwa mikono yake hajashindwa, kahamia. Kile cha bondeni kibaki mchicha na migomba, na tafadhali msije mkamtafuta mwingine mkamuuzia kwa kumwambia ni mfereji tu.

Ila jina la Mlandizi libaki lako. Hili nasema taratibu kwasababu kuna watakaokuambia umuandikishe nusu ili apoe, hapana, sheria ya ndoa ya 1971 inachukulia mali iliyo kwa jina la mmoja ni ya huyo mpaka ithibitishwe vingine, kwahiyo hakiuziki bila wewe kusaini, na wewe husaini. Karatasi za mauziano zitoe nyumbani uweke kwa mtu unayemuamini, na serikali ya mtaa ya kule wakufahamu sura. Usimtishie nayo, usiitaje hata. Akikileta tena cha kuuza sema hapana moja, ya sauti ya kawaida, mpakulie chakula. Hapana ikisemwa mara moja ina uzito kuliko yako ya hata nife.

Kuna pa kusimama pia. Yote haya yakishindikana, akapaua kule akasema mnahamia, wewe na watoto hamuendi kulala pale masika wala vuli, hapo ng'ang'ania na mimi nitakusaidia kung'ang'ania, na Korogwe ipo, basi ni kila siku. Lakini usianze na Korogwe kabla hujaanza na samahani.

Wakwe na kaka zake waambie wakae pembeni kwanza, hata wanaokutetea. Na wifi yako akikuuliza mmefikia wapi na ule mto, mwambie uko jikoni unapika.